Farasi Ukutani, Saisi Nje ya Fremu

Mkenya anayepanda matatu ya Kawangware kutoka katikati ya jiji huwa amebeba mfukoni maonyesho madogo ya picha za wanyama. Shilingi moja ina twiga, tano ina kifaru, kumi ina simba, ishirini ina ndovu. Sarafu hizo zilitolewa Desemba 2018, kwa kuwa Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye pesa. Marais walitoka, wanyama wakaingia, na nchi inayobishania kila kitu haikulibishania hilo sana. Pengine jiji lilishazoea. Mbele ya Maktaba ya McMillan, Mtaa wa Banda, wako simba wawili wa mawe. Kwenye Makumbusho ya Taifa yuko Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta mwaka 1970 na kufa 1974, sasa akiwa sanamu ya ukubwa wake halisi.

Mnyama anayezua ubishi Nairobi ni farasi wa kwenye fremu. Shingo imenyooka, miguu minne iko hewani, mbwa wametangulia, na juu yake ameketi bwana mwenye koti jekundu. Picha za namna hiyo zilikuja na walowezi, zikaning'inizwa Karen, Lang'ata, Kabete na Muthaiga, mahali ambapo mwenye nyumba alitaka kuamka asubuhi na kujiona yuko mashambani kwao Uingereza. Sasa nyumba hizo zinabomolewa kupisha maghorofa, warithi wamehamia kwingine, na picha zinatafuta ukuta. Je, Mkenya mwenye ukuta azipokee?

Wanaojibizana hapa ni wanne, na hawana majina kwa kuwa wamepangwa kwa ajili ya mjadala: Mama wa Lavington, anayeuza picha; Mchoraji, kijana aliyekodi kona ya karakana huko Kilimani; Mwalimu, mwanamke aliyefundisha historia ya sanaa hadi akastaafu; na Mzee, aliyekuwa saisi, mtunza farasi, kwenye mazizi ya Ngong Road. Watu wa aina hiyo hawakosekani Nairobi. Wako kibandani, nje ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Jumapili ya mbio, chai ya maziwa na mandazi mbele yao. Mama ameleta fremu kutoka nyumba moja ya Karen inayohamwa, akaiegemeza kwenye kiti.

"Farasi amepewa kiti," Mzee anasema, "na mimi nimekalia kreti ya soda."

Mama anaanza kwa utetezi, na si ajabu, maana ndiye atakayeiuza. Hoja yake ni kwamba watu huihukumu picha ya aina hii kabla hawajaitazama: wanaona koti jekundu, wanafunga macho. Yeye anamtaja Thomas Bewick. Huyo alizaliwa mwaka 1753 huko Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, mtoto wa mkulima, wala hakuwa mchoraji wa makasri. Alichonga picha zake kwenye mti mgumu, akichora kwenye ncha ya gogo iliyokatwa badala ya ubavuni, ndipo mistari ikatoka myembamba na kibao kikavumilia kuchapa nakala nyingi. Kitabu chake cha wanyama wa miguu minne kilitoka 1790, cha ndege kikaanza kutoka 1797. Vilinunuliwa na watu ambao wasingeweza hata siku moja kuagiza picha ya rangi za mafuta.

"Na aliwahi kuitwa achore ng'ombe walionona," Mama anaendelea. "Wenye ng'ombe wakamtaka aongeze mafuta hapa na pale, mahali ambapo yeye hakuyaona. Akakataa. Amelisimulia mwenyewe kwenye kumbukumbu za maisha yake. Sasa niambieni, mtu anayekataa kuongeza hata nyama ya ng'ombe, mnamwita mkoloni?"

"Yeye alikataa, Mama," Mwalimu anajibu. "Wengine walikubali, na wao ndio waliolipwa."

Hapo Mwalimu amegonga penyewe. Picha za ng'ombe bingwa wa Uingereza, za miaka ya 1790 na kuendelea, ni viumbe wa ajabu: mwili wa mstatili, miguu kama vijiti, kichwa kidogo kilichobandikwa mwishoni. Picha ya ng'ombe maarufu wa Durham ilitolewa mwaka 1802 na nakala zake zikaenea, huku ng'ombe mwenyewe akizungushwa nchi nzima ndani ya gari maalumu ili watu walipe kumwona. Ukitaka kujua sababu, fuata biashara. Mwenye fahali alikuwa akiuza mbegu, na picha ilikuwa tangazo. Aliyelipia picha aliagiza mnyama anayemtamani, hakuagiza mnyama aliyenaye.

Hili halihitaji mtu wa Nairobi avuke bahari ili alielewe. Chama cha Kilimo cha Kenya, kilichoanza mwaka 1901 kikiwa chama cha walowezi, kilirithi desturi hiyo hiyo ya kumpanga ng'ombe mbele ya mwamuzi, kumpima kwa macho na kumvika utepe. Maonyesho yake ya Nairobi hufanyika Jamhuri Park, kando ya Ngong Road, na Sahiwal au Ayrshire anayeingia uwanjani pale ameoshwa kwa sabuni na kuchanwa mkia. Mzee anasema hata huko WhatsApp muuza fahali hupiga picha akiwa amechuchumaa, ili mnyama aonekane mlima. Bewick angemkatalia huyo pia.

Mchoraji hajasema kitu. Anaitazama fremu kwa jicho la mtu wa kazi. "Mimi sina ugomvi na mafuta," anasema hatimaye. "Nina ugomvi na miguu."

"Ha!" Mzee anaweka kikombe chini. "Huyu kijana ameona."

Kinachofuata ndicho sehemu bora ya mjadala mzima, na ni haki ya Mzee kuishika. Farasi wa kwenye fremu anakimbia huku miguu ya mbele imenyooshwa mbele na ya nyuma imenyooshwa nyuma, yote minne hewani. Wachoraji wa mbio walimchora hivyo kwa vizazi na vizazi, Waingereza kwa Wafaransa. Géricault, aliyechora mbio za Epsom mwaka 1821, alifanya vivyo hivyo, na picha yake iko Louvre. Mzee anasema hajawahi kumwona farasi wa namna hiyo, na amewaona wengi. Farasi anayekimbia kasi huwa hewani kwa kitambo kifupi sana, kweli, lakini wakati huo miguu imekunjwa, imekusanyika chini ya tumbo. Akinyoosha yote minne hivyo, ataanguka kifua.

Mzee amelijua hilo kwa macho na mikono. Wakubwa wa sanaa walilijua mwaka 1878, Eadweard Muybridge alipopanga kamera nyingi kando ya njia huko California, farasi akapita akizifyatua moja baada ya nyingine kwa nyuzi zilizotandazwa. Picha zilipotoka, wachoraji waliona aibu. Lakini walichokuwa wakikikosa hakikuwa siri. Kila zizi la farasi wa mbio huko Newmarket, Uingereza, lilikuwa na vijana waliomjua farasi kwa ndani, waliomkanda misuli alfajiri na kumpaka dawa usiku. Hakuna aliyedhani wao ni wa kuulizwa.

"Stubbs aliuliza," Mama anasema.

Ni kweli, kwa njia yake. George Stubbs, mtoto wa mtengeneza ngozi kutoka Liverpool, alijifungia kwenye nyumba ya shamba huko Horkstow, Lincolnshire, kuanzia mwaka 1756, kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi. Alining'iniza mizoga ya farasi kwa kulabu, akaijaza nta mishipani ili isisinyae, akaichuna tabaka kwa tabaka, huku Mary Spencer akimsaidia. Harufu yake haisimuliki. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo, juu ya maumbile ya farasi, kilitoka 1766. Mapema zaidi, karibu 1762, alikuwa amemchora Whistlejacket, farasi wa Marquess of Rockingham, aliyekuja kuwa waziri mkuu. National Gallery ya London ilimnunua farasi huyo mwaka 1997 kwa pauni milioni 11.

Mchoraji anakiri kwamba Whistlejacket anamtia wivu. Picha ile haina mandhari yoyote. Hakuna shamba, hakuna uzio, hakuna nyumba ya bwana kilimani. Ni farasi na rangi tupu nyuma yake. "Hapo ndipo naweza kumkubali. Hanidai shamba."

"Wewe hakudai," Mwalimu anamkatiza, "kwa sababu bwana wake alikuwa na mashamba ya kutosha hata bila kuyaonyesha."

Sasa Mwalimu anakunja mikono ya sweta, na hoja yake inahitaji subira. Anasema picha ya mwindaji ni picha ya sheria. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1671 iliwanyima haki ya kuwinda wote wasio na ardhi ya kuwaingizia angalau pauni 100 kwa mwaka, isipokuwa wachache waliotajwa. Mkulima aliyekodi shamba angeweza kutazama sungura akimlia kabichi na asimguse. Ikaja sheria ya 1723, iliyofanya kumwinda paa wa bwana huku umejipaka masizi usoni kuwa kosa la kunyongwa, na ikabaki hadi 1823. Gainsborough alipowachora Bwana na Bi Andrews karibu mwaka 1750, bwana kashika bunduki, mbwa yuko mguuni, na shamba lao limejaza nusu nzima ya picha. Kila mwanakijiji aliyeiona alijua kwa nini yeye hana bunduki.

"Sheria ile ikapanda meli," Mwalimu anasema. "Ikashuka Mombasa, ikapanda reli hadi hapa." Serikali ya kikoloni ilitoa leseni za kuwinda. Mwenye leseni na bunduki aliitwa mwindaji. Mkamba au Mwaliangulu mwenye upinde na mshale wa sumu, aliyewinda kama babu yake, akaitwa jangili. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika safari yao ya Afrika Mashariki, na msafara huo ukaandikwa kama ushujaa na sayansi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na biashara ya nyara mwaka uliofuata.

Naye Mzee ana ya kwake ya Kabete, aliyoyasikia kwa wakubwa wake. Huko Kabete, katika miaka ya mwanzo ya ukoloni, Jim Elkington alifuga kundi la mbwa wa kuwinda, Masara Hounds, mbwa wa Kiingereza kwa uzazi na kwa adabu. Kila kitu kililetwa: farasi, tarumbeta, makoti. Kilichokosekana ni mbweha mwekundu wa Uingereza, basi akakimbizwa bweha wa hapa hapa. Elkington alifuga pia simba, Paddy, aliyemjeruhi Beryl Markham alipokuwa mtoto; binti huyo alikua, akawa mkufunzi wa farasi wa mbio na rubani, na akamaliza siku zake, mwaka 1986, akiishi kwenye nyumba ndogo ndani ya uwanja huu huu wa Ngong.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana kuna kioo kinachogeuzwa. Mwaka 1763 Stubbs alichora punda milia aliyekuwa ameletwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema na kupewa Malkia Charlotte. Mnyama kachorwa sawasawa, masikio, mistari, hata ngozi inayoning'inia kooni. Lakini amesimama kwenye msitu wa Kiingereza, majani mabichi pande zote, kana kwamba kazaliwa hapo. Karne na nusu baadaye Waingereza walifanya kinyume chake: walisimamisha msitu wao katikati ya nyika ya wengine. Punda milia wa Stubbs na bweha wa Kabete wamepatwa na jambo moja, nalo haliko kwenye mwili wao. Liko pembeni.

Mama hakubali kupigwa na historia peke yake. Anamtaja David Shepherd, kijana Mwingereza aliyekuja Kenya mwaka 1949 akitaka kazi ya kulinda wanyama, akakataliwa, akafanya kazi hotelini pwani, akauza picha za ndege apate nauli ya kurudi. Baadaye akawa mchoraji wa ndovu anayejulikana kuliko wote Uingereza, na picha yake ya chui milia ya mwaka 1973 ilichangisha pauni 127,000 kwa ajili ya kuwaokoa wanyama hao India. "Picha hiyo haikuua mtu. Ililipa walinzi."

"Na mlinzi mmoja yuko kwenye picha?" Mwalimu anauliza.

Kimya kidogo. Wakimbiza farasi wanapita kuelekea mstari wa kuanzia, na kibanda chote kinageuka kutazama. Hoja inasubiri hadi vumbi litulie.

Mchoraji ndiye anayelipeleka suala kwa wachoraji wa hapa. Anasema kizazi chake kina tatizo ambalo Bewick hakuwa nalo: mnyama amekwisha kuuzwa kabla hajachorwa. Wachongaji wa Wamunyu, tangu Mutisya Munge aliporudi na ufundi wa kuchonga alioupata Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wamelisha familia nyingi kwa twiga na vifaru wa mbao. Edward Tingatinga, huko Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1968 hadi kifo chake 1972, aligeuza vipande vya ubao na rangi za mafuta za dukani kuwa chui na ndege, na mtindo ukabaki na jina lake. Ni kazi za heshima. Lakini mgeni akishuka Maasai Market Jumamosi, huwa na orodha ya wanyama kichwani, na kijana mwenye njaa huchora orodha hiyo. Elimo Njau, aliyekuwa miongoni mwa walioanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa mwaka 1965 katikati ya Nairobi, kwa miaka mingi aliwahimiza wasanii waache kuiga. Wengi walimsikia, wakaitikia, wakarudi kuiga, kwa kuwa kodi ya nyumba haingojei.

"Lakini yuko Jak," Mzee anasema, na inashangaza kidogo kwamba yeye ndiye anayemtaja.

Jak Katarikawe alitoka Kigezi, Uganda, akawa dereva kabla ya kuwa mchoraji, akahamia Nairobi na kuishi hapa hadi alipofariki mwaka 2018. Ng'ombe wake huota ndoto. Hupendana, huoneana wivu, hulala kichwa begani. Wale hawauzwi kwa kilo. Mtu aliyelelewa na ng'ombe anawajua vile, kwa tabia na siyo kwa utepe wa ushindi. Theresa Musoke, naye wa Uganda aliyeishi na kufundisha Nairobi miaka mingi, aliwachora wanyama wa porini wakijitokeza na kupotea ndani ya rangi, hata mtazamaji asijue wako wangapi. Kuna ukweli ndani yake: aliyewahi kutazama nyumbu kwa mbali, joto likicheza juu ya nyasi, atakubali kwamba mnyama wa kweli haonekani wote kwa mara moja.

Mwaka 2021 Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, alipofanya maonyesho yake Royal Academy ya London, alitenga chumba kwa ajili ya wasanii wa Afrika Mashariki waliomtangulia, wakiwamo Katarikawe, Musoke, Njau na Sane Wadu. Mwalimu analifurahia jambo hilo kwa sababu isiyo ya kiungwana sana. Rais wa Royal Academy kati ya 1944 na 1949 alikuwa Alfred Munnings, bingwa wa kuchora farasi, na alipoaga alitoa hotuba iliyorushwa na redio ya BBC akiwaponda Picasso na wenzake wa usasa. "Ng'ombe wanaoota ndoto," Mwalimu anacheka, "ndani ya nyumba ya Munnings."

Mama anamwachia acheke, kisha anatoa karata aliyokuwa ameificha. Mmesahau upande wa michezo, anasema. Mnazungumza kana kwamba Mwingereza alileta farasi tu na sisi tukabaki watazamaji.

Na hapa Mama anastahili sikio. Mbio za kuruka viunzi na maji, ambazo Wakenya wanazichukulia kama mali yao, zilianza kama mchezo wa farasi wa mashambani. Inasimuliwa kwamba mwaka 1752, huko Cork, Ireland, mabwana wawili walishindana kutoka kanisa la Buttevant hadi la Doneraile, wakilenga mnara wa kanisa na kuruka ua na mitaro iliyo njiani. Henry Alken, mchoraji wa michezo ya mashambani, alizichora mbio za namna hiyo katika picha zilizochapwa 1839, maafisa wa jeshi wakikimbiza farasi usiku juu ya mashamba ya watu, wamevaa nguo za kulalia juu ya sare. Ni picha za kuchekesha, na zilinunuliwa sana. Baadaye wanafunzi wa Oxford wakaamua kukimbia wenyewe bila farasi. Ua likawa kiunzi, mto ukawa dimbwi.

Kisha mwaka 1968, Mexico, akaja Amos Biwott kutoka Bonde la Ufa, akaruka dimbwi lile bila kulowesha mguu, jambo ambalo wenzake hawakulijua kama linawezekana, akachukua dhahabu. Kipchoge Keino akaichukua Munich 1972. Kenya ilisusia michezo ya 1976 na 1980. Lakini kila Olimpiki iliyoshiriki kutoka 1968 hadi 2016, dhahabu ya wanaume ya mbio hizo ilikuja Kenya, hadi Mmoroko Soufiane El Bakkali alipoikatiza Tokyo. Mchezo uliobuniwa ili bwana aonyeshe farasi wake umekuwa wa mtu anayeruka kwa miguu yake mwenyewe. Na Munich hiyo hiyo ya 1972, miongoni mwa mabango ya sanaa yaliyotolewa kwa ajili ya michezo, moja lilikuwa la Mkenya, Ancent Soi.

"Kwa hiyo sanaa ya michezo tunayo," Mama anamalizia. "Iko hata ubavuni mwa matatu: wachezaji wa mpira, simba, mabondia. Kwa nini hii moja ya farasi ndiyo iwe dhambi?"

Swali zuri, na jibu halitoki kwa Mwalimu. Linatoka kwa Mzee, tena polepole. Anasema hana shida na farasi huyo kuwekwa ukutani. Farasi hana kosa. Anachouliza ni nani aliyemfunga tandiko. Kila asubuhi saa kumi na moja mtu alikuwa zizini. Mtu alimwongoza taratibu baada ya mbio hadi jasho likakauka. Katika picha za ushindi alizowahi kuziona, mwenye farasi ametajwa, mkufunzi ametajwa, farasi ametajwa na baba yake na mama yake. Saisi ni mkono unaoshika hatamu pembeni, na wakati mwingine fremu imemkata kwenye kiwiko.

Huyu mtu wa pembeni ndiye kiini cha ubishi wote, na ajabu ni kwamba mchoraji aliyemwona vizuri kuliko wengine alikuwa Mwingereza. Machi 1799, huko Newmarket, farasi Hambletonian alishindana na Diamond kwa dau la gini 3,000, akashinda kwa nafasi ndogo mno, baada ya kuchapwa na kuchomwa michokoo hadi akachoka kabisa. Mwenye farasi, Sir Henry Vane-Tempest, alimwagiza Stubbs, ambaye wakati huo alikuwa na zaidi ya miaka 70, achore ushindi. Stubbs alichora kitu kingine: farasi mkubwa mno aliyechoka, mkufunzi upande mmoja, na upande wa pili kijana wa zizi, mkono wake umepita juu ya shingo ya mnyama, uso wake ukimkabili mtazamaji moja kwa moja. Bwana mwenyewe hayumo kabisa.

Ndiyo maana kuzitupa picha zote za mkondo huu jalalani kungekuwa uvivu, sawa na kuzining'iniza zote bila kuuliza. Jicho lililoona sikio la mbwa lingeweza pia kumwona mtunza mbwa. Mara chache lilimwona. Mara nyingi lililipwa lisimwone, na Nairobi lililipwa hivyo zaidi.

Mama anataka jambo la kutekelezeka, si hotuba. Aandike nini kwenye kibandiko chini ya fremu? Mwalimu anataka maneno yasemayo picha ilitoka wapi, ilining'inia kwenye ardhi ya nani, na sheria gani iliilinda. Mama anasema kibandiko hicho kitakuwa kikubwa kuliko farasi, na mnunuzi wa Westlands anatafuta kitu cha kuendana na kochi. Mchoraji ana wazo la tatu: picha iuzwe, lakini ining'inizwe pamoja na nyingine mpya ya ukubwa huo huo, ya saisi peke yake, bila farasi, bila mandhari, rangi tupu nyuma yake. Atamchora Mzee. Ataanza wiki ijayo akikubali.

"Nitasimama muda gani?" Mzee anauliza.

"Siku tatu, nne."

"Na malipo?"

Mchoraji anamtazama Mama. Mama anaitazama chai yake. Mwalimu, ambaye hawezi kuiacha nafasi ipite, anawaambia kwamba Vane-Tempest aligoma kulipa ile picha ya Hambletonian, na mzee Stubbs ilimbidi aende mahakamani, akashinda.

"Basi tuandikiane kabla hujashika brashi," Mzee anasema. "Na chai hii analipa nani?"